Kuhamisha valvu kutoka hedi moja kwenda nyingine: za inteki hamisha, za ekzosti nunua mpya

"Shikamoo mtaalamu. Nina Hiace yenye injini ya 3L, inabeba abiria kati ya Kyela na Mbeya. Mwezi uliopita ilichemsha ikipanda kutoka Kiwira, na fundi alipofungua akakuta silinda hedi imepasuka katikati ya siti za valvu, silinda namba tatu. Nimepata hedi ya mtumba pale Mwanjelwa, nayo ni ya 3L, imekuja na valvu zake, ila valvu mbili zimepinda na nyingine zina vidoti vidoti usoni. Kwenye hedi yangu iliyopasuka valvu ni nzima, nilinunua seti mpya mwaka juzi. Fundi wangu anasema tutoe zile zangu tuziweke kwenye hedi hii, tusage kwa pesti, tufunge, gari litembee. Fundi mwingine, mtu mzima ninayemheshimu, anasema valvu ikishazoea siti yake haihami, na nikilazimisha nitarudi gereji ndani ya mwezi. Nimsikilize nani? Fedha ya hedi mpya sina."

Marahaba, na pole kwa hasara. Gari la abiria likilala gereji, marejesho na matumizi ya nyumbani hayalali, kwa hiyo naelewa kwa nini unatafuta njia ya kulifufua kwa fedha uliyo nayo. Swali lako ni mawili kwa pamoja: je, valvu ya hedi moja inakubali kukaa kwenye hedi nyingine, na je, ukifanya hivyo utafungua injini tena baada ya wiki chache?

Mafundi wako wote wawili wana hoja, ila kila mmoja ameacha kipande. Valvu inahama, mradi hedi zote mbili ni za injini ileile na vipimo vinakubali. Lakini haihami kwa pesti ya kusagia peke yake. Siti za hedi uliyonunua, yaani pete ambazo valvu hukalia zikijifunga, lazima zikatwe upya kwa mashine, uso wa valvu uchongwe upya, na nafasi ya kila valvu ipangwe upya kwa shimu, visahani vidogo vya chuma nitakavyovieleza mbele. Mkiruka hayo, yule mzee atakuwa amesema kweli. Kwa gari lako naongeza sharti moja: hamisha valvu nne za inteki (zinazoingiza hewa) kama zitapita vipimo, lakini zile nne za ekzosti (zinazotoa moshi) nunua mpya, hata kama zako zinaonekana nzima.

Tuanze na hilo la valvu kuzoea. Injini yako ina valvu nane, mbili kwa kila silinda. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kujifunga mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kila sekunde, na kila inapojifunga uso wake unagonga siti. Baada ya maelfu ya kilomita, vyuma hivyo viwili vimechakaa pamoja. Siti imepoteza uduara kidogo kufuatana na gaidi, kile kibomba ambamo shina la valvu linateleza, ilivyolegea, na uso wa valvu umechimbika mfereji mwembamba unaolingana na siti hiyohiyo. Vikikutana vyenyewe kwa vyenyewe, vinaziba. Ukiipeleka valvu hiyo kwenye siti nyingine, mfereji wake unakutana na umbo jingine, na pale vyuma visipogusana gesi inapita. Ndiyo maana fundi makini akifungua hedi anachukua kipande cha boksi, anatoboa matundu manane, anayaandika namba na kuchomeka kila valvu kwenye tundu lake, ili zisichanganyike hata ndani ya hedi moja. Kinachozifunga valvu na siti ni uchakavu wa pamoja tu. Uchakavu huo ukiondolewa kwa mashine pande zote mbili, valvu haijali tena imetoka hedi gani.

Sasa kwa nini upenyo mdogo kiasi hicho uwe tatizo? Kwenye dizeli kuna sababu mbili, na ya pili ndiyo inayoua injini.

Ya kwanza ni kuwaka. Injini ya 3L inabana hewa kwa uwiano wa takribani 22 kwa 1, na joto la mbano huo ndilo linalowasha dizeli. Hakuna plagi ya kurusha cheche kama kwenye petroli. Valvu ikivujisha, mbano unashuka na joto linashuka nao, na utaliona hilo asubuhi ya Juni au Julai pale Uyole: unapiga selfu mpaka betri inachoka, gari linawaka kwa shida huku likitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi.

Ya pili ni joto la valvu yenyewe. Valvu ya inteki inapozwa na hewa safi kila inapofunguka. Ya ekzosti haina bahati hiyo, inapitisha moto peke yake, na kichwa chake kinafikia mamia ya digrii, kwenye kazi nzito ya mlima kinapita 600. Joto hilo lina njia mbili tu za kutoka. Sehemu kubwa, takribani robo tatu, inapita kwenye siti wakati valvu imejifunga, kisha inaingia kwenye maji ya hedi. Iliyobaki inapanda na shina la valvu na kutokea kwenye gaidi. Kwa hiyo mguso kati ya valvu na siti unafanya kazi mbili, kuziba na kupoza. Upana wa mguso huo kwenye injini za Toyota za aina hii ni kati ya milimita 1.2 na 1.6. Ukiwa mwembamba mno, joto halipati njia ya kutosha. Ukiwa mpana mno, nguvu ya springi inatawanyika, masizi yanashikilia katikati, na uvujaji unaanza. Penye uvujaji gesi ya moto inapita kwa kasi kwenye ufa mwembamba na kuanza kuula ukingo. Fungua hedi iliyofikia hapo utaona kipande cha ukingo wa valvu kimeliwa, na pembeni yake siti imebadilika rangi.

Hapo ndipo sharti langu la ekzosti linapotoka. Valvu zako zilikuwa ndani ya injini iliyochemka mpaka hedi ikapasuka. Maji yalipokosekana kwenye hedi, siti ilikosa pa kupeleka joto, na valvu ya ekzosti ikakaa kwenye joto ambalo haikutengenezewa. Chuma kilichopita hapo kinaweza kuonekana kizuri kabisa kwa macho huku shingo yake, pale shina linapokutana na kichwa, ikiwa imechoka. Valvu ya namna hiyo haikupi taarifa. Inakatika, kichwa kinaangukia kwenye silinda, pistoni inakipiga juu kwenye hedi, na hapo umepoteza hedi, pistoni na pengine bloku kwa pigo moja. Bei ya valvu nne mpya ni ndogo sana mbele ya hasara hiyo. Za silinda namba tatu, ambako ufa ulitokea, ningezitilia shaka zote mbili: ya ekzosti itupe, ya inteki ikaguliwe kwa makini kuliko wenzake, na ukiona shina limegeuka rangi ya buluu, nayo itupe.

Usikubali mtu akuuzie au akuwekee inteki mahali pa ekzosti. Kichwa cha inteki ni kipana zaidi, na chuma chake ni tofauti. Chukua sumaku ndogo uijaribu. Valvu nyingi za ekzosti zina kichwa cha chuma cha kuhimili moto ambacho sumaku inakishika kwa udhaifu au haikishiki kabisa, wakati inteki inashikwa vizuri. Kuna za ekzosti zilizounganishwa vyuma viwili, shina linashika sumaku na kichwa hakishiki, usishangae. Jaribio hili halithibitishi ubora wa valvu. Linakusaidia tu kutenganisha kama zimechanganyikana kwenye mfuko mmoja, na madukani zinachanganyikana.

Kabla hujagharamia valvu hata moja, hata hivyo, geukia hedi uliyonunua. Umesema valvu mbili zimepinda. Valvu haipindi kwa kukaa stoo. Injini ya 3L inaendeshwa na mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika au ukiruka meno, kemshafti, ile shafti inayozifungua valvu, inasimama huku pistoni zikiendelea kupanda, zinazikuta valvu ziko wazi na kuzigonga. Karibu hakika injini ya kwanza ya hedi hiyo ilikatika mkanda. Pigo linalopinda shina halikuishia kwenye shina, lilipita kwenye gaidi, kwenye kikombe kilicho juu ya springi, mpaka kwenye kemshafti na kofia zinazoishikilia. Mwambie fundi achunguze silinda hizo mbili: gaidi isiwe imepasuka mdomoni au kulegea, kikombe kisiwe na ufa, na kemshafti izunguke kwa mkono bila kukaza ikiwa imefungwa bila valvu.

Hapo hapo kuna kosa ambalo nimeliona likiharibu hedi nzuri. Fundi anachukua kofia za kemshafti za hedi ya zamani anazihamishia kwenye mpya kwa kuwa ni safi zaidi, au moja ya hedi mpya imepotea. Kofia hizo hutobolewa kiwandani zikiwa zimefungwa kwenye hedi yake, kwa mstari mmoja. Kofia ya hedi nyingine haitakaa kwenye mstari huo, itaibana kemshafti au itaiachia oili ipotee. Valvu inahama, kofia haihami, na kila moja irudi kwenye namba yake ikitazama upande wake. Kama hedi ya Mwanjelwa imekuja ikiwa na kofia pungufu, irudishe kwa muuzaji.

Halafu ufa. Hedi za dizeli zenye historia ya kuchemka hupasuka palepale ilipopasuka yako, kwenye daraja jembamba kati ya siti ya inteki na ya ekzosti, na ya mtumba inaweza kuwa na ufa ambao macho hayauoni. Karakana yenye vifaa inaziba njia za maji za hedi, inasukuma hewa ndani na kuizamisha kwenye maji ya moto. Mapovu yakitoka, hiyo hedi ni chuma chakavu. Angalia pia vile vikombe vya chuma vya chemba ndogo, ambamo dizeli huanza kuwaka, vilivyopachikwa upande wa pistoni: visiwe vimelegea wala kuchomoza. Kisha kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), pima kama uso umepinda. Ukipita milimita 0.2 unahitaji kukwanguliwa kwa mashine, na kwenye dizeli ukwanguaji una mipaka, kwa sababu unazisogeza valvu karibu na pistoni. Fanya haya kwanza. Hakuna maana ya kukata siti nane kwenye hedi itakayovuja maji.

Hedi ikipita, tuje kwenye vipimo vya valvu zako za inteki, vinavyoamua kama zinahama.

Shina kwanza. Pitisha ukucha wako taratibu kuanzia juu kuelekea kichwani. Ukigusa ngazi, hata ndogo, hapo ndipo gaidi ilipokuwa ikisugua, na valvu hiyo imelika. Mikromita itakuambia kiasi gani. Nafasi kati ya shina na gaidi ni ya mia chache tu za milimita. Shina lililolika ndani ya gaidi nzuri, au shina zuri ndani ya gaidi iliyolika, vyote vinaipa valvu nafasi ya kuyumba, na valvu inayoyumba haitui mahali pamoja mara mbili. Hapo siti uliyoilipia inaharibika upya, na oili inateremka kuingia kwenye silinda. Kama gaidi za hedi ya mtumba zimelegea, zibadilishwe kabla ya kukata siti na siyo baadaye, kwa sababu kikatio cha siti kinaelekezwa na gaidi. Gaidi ikihama hata kidogo baada ya siti kukatwa, kazi yote imepotea.

Kisha unyoofu. Viringisha shina juu ya kioo kinene, ukiona mwanga unachezacheza chini yake, limepinda. Valvu iliyopinda hainyooshwi. Najua inafanyika, wapo wanaoigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ionekane sawa, na ndiyo hizohizo shingo zinazokatika. Zile mbili zilizopinda za hedi ya mtumba zivunje kabisa ili mtu mwingine asije akaziokota na kuziuza.

Mwisho ukingo, yaani unene unaobaki kati ya uso uliochongwa na bapa la chini la kichwa. Kila uchongaji unaupunguza. Ukikaribia milimita 1, valvu hiyo imekwisha, kwa sababu ukingo mwembamba unashika moto upesi. Zako zina miaka miwili au mitatu, natarajia zitapita hapa bila shida.

Zile zenye vidoti usoni za hedi ya mtumba zinaweza kupona kwa kuchongwa kama vidoti ni vya juu juu, lakini kwa kuwa unazo zako bora zaidi, za inteki sioni haja.

Sasa pesti. Watu wengi wanaamini pesti ndiyo matengenezo. Pesti ni hatua ya kumalizia na kukagua, baada ya mashine. Siti iliyopoteza uduara haiwi duara kwa kusagwa, badala yake unaila siti na valvu kwa pamoja mpaka zifanane kwa ubaya, na mguso unapanuka kupita kipimo. Siti ikatwe kwa digrii 45, kisha kwa vikatio vya pembe nyingine juu na chini yake ili kuuweka mguso katikati ya uso wa valvu na kuupa upana ule wa milimita 1.2 hadi 1.6. Chora uso wa valvu kwa kalamu ya maka, ikandamize kwenye siti na uizungushe kidogo. Itoke na mkanda mmoja usiokatika, katikati ya uso. Ndipo pesti laini ipite kwa muda mfupi. Halafu ioshwe yote, kwa petroli na brashi, mpaka ndani ya gaidi. Chembe za pesti zikibaki humo, zinaendelea kusaga shina na gaidi kila siku unapoendesha.

Weka oili siili (mipira inayozuia oili isiteremke na shina la valvu) mpya zote nane, usijadiliane na mtu kuhusu hili. Funga springi, lalisha hedi ubavu matundu ya inteki yakitazama juu, jaza mafuta ya taa kwenye matundu hayo na usubiri dakika kumi ukitazama vichwa vya valvu upande wa pili. Pasipo hata jasho, siti ni nzuri. Geuza, fanya ekzosti.

Kuna hatua ambayo fundi wako hakuitaja kabisa, nayo ndiyo inayowarudisha wengi gereji ndani ya ule mwezi mmoja: nafasi ya valvu. Kwenye 3L kemshafti inabonyeza kikombe, na juu ya kikombe kuna kisahani kidogo cha chuma, shimu. Injini ikiwa baridi, kati ya kemshafti na shimu pawe na milimita 0.20 hadi 0.30 kwa inteki na 0.40 hadi 0.50 kwa ekzosti. Nafasi hiyo imeachwa kwa sababu shina linarefuka likipata moto. Sasa fikiria ulichofanya: umekata siti na kuchonga uso wa valvu, kwa hiyo valvu imezama juu ndani ya hedi, na mkia wake umeinuka kuelekea kemshafti kwa kiasi hichohicho. Ikizama milimita 0.2 tu, nafasi ya inteki ya 0.25 inabaki 0.05. Injini ikipata moto nafasi inaisha, kemshafti inaishikilia valvu isifunge kabisa, na unarudi kwenye kuvuja na kuungua. Kelele husikii. Watu wanaogopa valvu inayogonga, lakini inayogonga ina nafasi ya ziada. Iliyokosa nafasi inakaa kimya na kuungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme valvu moja ya ekzosti ina shimu ya milimita 2.70 na ukipima unapata nafasi ya 0.10, wakati unataka 0.45. Umepungukiwa 0.35, basi shimu mpya iwe nyembamba kwa kiasi hicho: 2.35. Unazo shimu za hedi mbili mezani, yaani kumi na sita, na kwa kuzipanga upya mara nyingi unapata karibu zote unazohitaji, chache zilizobaki unanunua. Asitokee mtu akachonga mkia wa valvu mpaka nafasi ipatikane. Ncha ile imekazwa kwa moto juu juu tu, ukiimaliza tabaka hilo inaliwa na kuchanua. Na kama valvu imezama kiasi kwamba hakuna shimu nyembamba ya kutosha, maana yake siti imekwisha, ipachikwe siti mpya. Valvu iliyozama sana inapunguza pia mbano, na dizeli haina mbano wa kupoteza.

Kwa hiyo ukiniuliza njia zilizo mbele yako: hedi mpya ndiyo yenye wasiwasi mdogo, umesema hauiwezi, tuiache. Kutumia hedi ya mtumba na valvu zake zote ni kununua historia usiyoijua, nayo imeshakuonyesha valvu mbili zilizopinda. Kuhamisha zako zote nane kunaokoa fedha leo na kukuachia valvu nne zilizopita kwenye moto. Inteki zako, ekzosti mpya, siti zilizokatwa na oili siili mpya ndiyo njia ninayokushauri, na tofauti yake ya gharama na ile ya fundi wako ni valvu nne na kazi ya mashine. Ukifungua injini tena utalipa gasketi, oili, ufundi na siku za kulala, na hapo tofauti hiyo utakuwa umeimaliza.

Kwa gasketi, ziko za unene wa aina tatu kwa injini hii, na unachagua kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, siyo kwa iliyopo dukani. Boli zikazwe kwa toki renchi, kwa hatua na mpangilio wa kitabu. Mkanda wa taimingi na kikazio chake badilisha sasa hivi, umeona mwenyewe ulivyoifanya hedi ya mwenzio.

Lakini hata tukifanya yote haya vizuri, hedi hii nayo itapasuka kama hujajua kwa nini ya kwanza ilichemka. Unatoka Kyela kwenye joto, bondeni karibu na ziwa, unapanda Tukuyu, unapita Kiwira na kuendelea kupanda mpaka Isyonje ukiwa na abiria na magunia ya mchele juu. Maji nayo huchemka mapema kadiri unavyopanda: hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya chombo kilicho wazi yanachemka karibu digrii 94, na Isyonje mapema zaidi. Kinachoyazuia ni presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kikilegea springi au mpira wake ukikatika, maji yanachemka ukiwa bado na mlima mrefu mbele. Ni kifaa cha bei ndogo na watu wanakisahau. Kibadilishe kwa kipya chenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu yake.

Uliza pia kama thamostati yako ipo, ile valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Mafundi wengi huku huitoa wakiamini wanaisaidia injini kupoa. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa mlimani, halafu asubuhi ya baridi injini inachelewa kupata joto lake. Irudishe. Rejeta ikafunguliwe na kusafishwa ndani, hasa kama umekuwa ukiongeza maji ya mtoni, na klachi ya feni ikaguliwe. Siku likichemka tena, Mungu aepushe, zima, subiri lipoe lenyewe. Maji baridi kwenye hedi ya moto yanaweza kuipasua palepale.

Kuhusu nani afanye: kufungua, kufunga na kupanga shimu, fundi wako anaweza akiwa na fila geji na uvumilivu. Kupima ufa, kukata siti, kubadilisha gaidi na kuchonga valvu kunahitaji karakana ya injini yenye mashine, siyo dirili ya mkono iliyofungwa jiwe. Mbeya mjini na Iringa zipo, na walimu wa ufundi magari wa VETA wanaweza kukuelekeza kwenye inayoaminika. Hata msomaji aliyeko Makete au Chunya ningemshauri aifunge hedi vizuri aipakie kwenye basi kuliko kuikatia siti kijijini. Waambie wakuandikie vipimo kwenye karatasi: unene wa mashina, upana wa mguso, nafasi ya kila valvu. Karakana inayokataa kuandika vipimo, tafuta nyingine.

Ukishafunga, siku chache za mwanzo fanya safari fupi za mjini bila mzigo mzito, halafu ukifikisha kama kilomita 1,000 fundi apime nafasi za valvu tena injini ikiwa baridi, kwa kuwa siti mpya hutulia kidogo. Ndani ya muda huo, asubuhi kabla ya kuwasha, angalia maji na chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mapovu yakipanda kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma, au silinda moja ikianza kukosa nguvu mlimani, zima hapo hapo, shusha abiria, na gari livutwe mpaka gereji hata kama umebakiza kilomita mbili kufika Uyole.